Poda Ni ya Nani?

Mwaka jana, katika kazi yangu ya mwisho wa mwaka, niliandika sentensi moja isiyo ya kweli, na hakuna aliyeigundua. Kazi ilihusu namna wauzaji wa Lubumbashi wanavyowaita wateja wao. Nilikaa siku nyingi katika soko la Kenya nikiwa na daftari, nikiandika nani ameitwa mama, nani papa, nani yaya, nani mukubwa, na mazungumzo ya bei yameendaje baada ya jina hilo. Kwenye meza za vipodozi, majedwali yangu yalikuwa na wateja wanawake peke yao. Mwalimu aliyeniongoza akauliza: je, wanaume hawanunui? Nikajibu kwamba hawanunui, kisha nikaandika: "Katika meza hizi hakuonekana mteja mwanamume anayejinunulia mwenyewe."

Mteja huyo alikuwapo. Ndiye aliyekuwa ameshika daftari.

Mimi ni mwanamume wa miaka 24. Siku fulani, nikiwa chumbani kwangu, hujipaka poda, hutia wanja, hupaka rangi ya midomo na kuvaa gauni. Sitaeleza hapa sababu, kwa kuwa sioni kwamba nina deni la sababu, na pia kwa kuwa sizijui zote. Nimewaomba wahariri wasiweke jina langu. Nimepanga chumba katika lupango lenye familia nne na bomba moja la maji, na ninataka kuendelea kuishi humo. Ninaandika kwa sababu jambo hili, kwa upande mmoja, ni jambo la somo letu. Linahusu swali la maneno matatu ambalo nimeulizwa karibu kila mara nilipokwenda kununua: "Ni ya nani?"

Nilijifunza jibu mapema: "Ni ya dada yangu." Mara nyingine nilisema "ya bibi yangu", kwa maana tunayoijua sisi wa Kongo, yaani mke, wala si nyanya kama wanavyoelewa watu wa pwani. Uongo huu unaonekana mdogo, lakini una gharama yake. Poda huchaguliwa kwa rangi ya ngozi ya atakayeipaka. Mwanamke anayejinunulia hunyosha mkono, muuzaji humpaka kidogo, wote wawili wakatazama kwenye mwanga. Mimi nimekuja kwa niaba ya mtu asiyekuwapo. Muuzaji huniuliza: "Eko mweupe ao mweusi?" Nasema ni kama mimi. Basi ananitazama, anafikiri kwamba msichana angependa kung'aa zaidi ya kaka yake, ananipa rangi ya juu kidogo. Nafika nyumbani, najipaka, najiona kama mtu aliyetoka kinu cha unga. Nina makopo matatu ya namna hiyo chini ya kitanda. Kila moja lilinunuliwa kwa pesa za kunakili vitabu, na yote matatu yanamfaa dada ambaye sikuzaliwa naye.

Siku moja niliamua kujaribu butiki ya mjini, nikidhani kwamba mahali penye kioo kikubwa na taa nyingi watu hawaulizi. Huko mazungumzo yalikuwa kwa Kifaransa, na ndipo nilipoanza kufikiri kama mwanafunzi wa isimu. Kwa sentensi chache za kwanza niliweza kujificha. Katika "sa poudre", neno "sa" linafuata jinsia ya poda, si ya mwenye poda. Lakini muuzaji alipouliza ngozi yake ikoje, ilinibidi nianze sentensi na "elle" au "il". Hapakuwa na njia ya tatu iliyonijia haraka. Nikasema "elle". Yule muuzaji akaangalia vidole vyangu, ambavyo tayari nilikuwa nimevipaka kwa kujaribu, akamwita mwenzake aje kutazama. Walicheka bila kelele, kwa adabu ya mjini. Nililipia kitu ambacho sikukitaka ili nipate ruhusa ya kutoka.

Njiani nikirudi nilijiambia: kwa Kiswahili nisingelazimika. "Ana ngozi nyeusi kidogo, hapendi rangi inayong'aa, anatafuta inayokaa siku nzima." Sentensi nzima ni ya kweli, na hakuna mahali inapotaja kama mwenye ngozi ni mwanamke au mwanamume. Kiambishi "a-" cha ngeli ya kwanza humbeba mfalme na mjane, mtoto na mzee, bila kuwatenganisha. Lugha zetu nne za taifa zinazotajwa na Katiba ya 2006, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, zote ziko hivyo katika jambo hili. Ni Kifaransa, lugha rasmi, kinachodai jibu. Kwa Kifaransa nilidanganya. Kwa Kiswahili ningeweza kunyamaza. Kati ya kudanganya na kunyamaza pana tofauti ambayo mtu anaihisi tumboni.

Kwa muda mrefu nilifurahia ugunduzi huu. Nilitaka hata kuandika makala ya kusifu: tazameni lugha yetu isivyomuuliza mtu jinsia yake. Kumbe nilikuwa nakosea, na ni darasa la isimujamii lililonifungua macho. Kituruki hakina kiwakilishi cha kike na cha kiume. Kifini hakina. Kihungari na Kiajemi vivyo hivyo. Hakuna anayeweza kuziweka jamii za lugha hizo nne kwenye kapu moja na kusema kwamba zinamtazama mwanamke, au mwanamume wa aina yangu, kwa jicho moja. Sarufi haiamui mambo hayo. Sarufi inasema tu ni lipi lazima litajwe. Haisemi ni lipi watu watataka kujua.

Tena Kiswahili kinayo milango mingine. Jinsia tuliyoifukuza kwenye kiambishi hurudi kupitia udugu: mama na papa, kaka na dada, shangazi na mjomba. Sokoni hakuna biashara bila mojawapo ya majina haya. Na kwa mtu kama mimi, tazama maneno yaliyopo. "Shoga" ni jina zuri ambalo wanawake rafiki wa pwani huitana, lakini mwanamume akiitwa hivyo ni ili aabike. "Hanithi", lililotoka Kiarabu, halijawahi kutamkwa mbele yangu kwa upole. Hapa kwetu hutumika neno fupi la Kifaransa ambalo nyote mnalijua, na ambalo halitofautishi kati ya mtu anayempenda nani na mtu anayevaa nini. Nimetafuta neno moja ambalo ningejitambulisha nalo kwa mama yangu bila mmoja wetu kuinamisha kichwa. Sijalipata. Hapa nimetumia sentensi nzima: mwanamume ambaye siku fulani hujipaka poda.

Kwa hiyo lugha yetu inaweza kunificha, lakini kunificha si kunikubali. Dada wa uongo alizaliwa ndani ya Kiswahili hicho hicho kisicho na jinsia.

Najua jibu la wenzangu kadhaa wa kitivo, kwa kuwa nimelisikia kantini watu walipomjadili mtu mwingine: mila zetu hazikubali mwanamume ajipake. Nawaomba waliseme polepole. Waluba walimpaka mtu pemba, ule udongo mweupe, katika mambo mazito ya heshima na ya mizimu, na hakuna aliyeuliza kama pemba ni ya wanawake. Wanja umetiwa na wanaume wa pwani na wa Uarabuni, nao wakaswali na kufanya biashara kama kawaida. Sisemi kwamba pemba ni poda ya sokoni, wala kwamba mzee mwenye wanja alikuwa mtu kama mimi. Hapana. Ninasema jambo dogo tu: kupaka kitu usoni hakujawahi kuwa mali ya jinsia moja peke yake, na kitenzi "kujipamba" hakijawahi kuuliza mtendaji wake ni nani. Aliye na hoja dhidi yangu ailete kama hoja yake mwenyewe, asiiweke kinywani mwa mababu.

Wapo pia watakaosema kwamba muuzaji hakosei. Anauliza "ni ya nani" ili auze vizuri. Hoja hii ina uzito, na mimi niliyekaa sokoni ninawaheshimu wauzaji kuliko nilivyowaheshimu kabla. Mama aliyeamka saa kumi usiku kwenda kuchukua bidhaa hana muda wa kumchunguza kijana. Lakini tuangalie swali lenyewe. Muuzaji wa viatu huuliza namba. Muuzaji wa shati huuliza kipimo. Muuzaji wa poda angeweza kuuliza rangi ya ngozi na kama ngozi ni kavu au ya mafuta, akapata yote anayohitaji. "Ni ya nani" halimsaidii kuchagua kopo. Linamsaidia kunipanga mimi.

Ninajua kwamba inawezekana kuuliza vingine, kwa sababu mwezi wa tatu uliopita nilimkuta muuzaji aliyefanya hivyo. Alikuwa mama wa makamo mwenye meza ndogo, makopo yamepangwa kutoka jeupe hadi jeusi kama hatua za ngazi. Nilikuwa nimeshatayarisha dada yangu mdomoni. Kabla sijamtoa, akaniambia: "Yaya, unatafuta ya kung'aa ao ya kukauka?" Nikasema ya kukauka. Nikanyosha mkono bila kufikiri, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nianze kununua. Akautazama, akatikisa kichwa. "Mukono inadanganya," akasema. "Leta sura."

Nikaileta. Akanipaka alama tatu ndogo chini ya taya, akanigeuza kuelekea jua kama mtu anayepima kitambaa, akachagua ya katikati. Tulibishana bei, nikalipa falanga 12,000, akanifungia kwenye mfuko mweusi bila mimi kuomba. Watu walipita. Mmoja alitazama, akaendelea na safari yake. Poda ile ndiyo ya kwanza iliyofanana na uso wangu.

Usiku nilifikiri juu ya neno alilotumia. Pwani, yaya ni mlezi wa watoto. Kwetu Lubumbashi, yaya ni mkubwa wako wa tumbo moja, awe mwanamume au mwanamke. Yule mama alikuwa na umri wa kunizaa, hivyo hakulitumia kwa kuhesabu miaka. Alilitumia kwa heshima ya sokoni. Angeweza kuniita papa, nami ningejikaza na kumtaja dada. Angeweza kuniita mama kwa dhihaka, kama nilivyowahi kuitwa mahali pengine. Mbele yake palikuwa na majina mengi, akachagua lile lisilonidai chochote. Sijui kama alifanya hivyo kwa makusudi au kwa mazoea tu. Katika daftari langu yaya lilikuwa limejitokeza mara nyingi, nami nilikuwa nimeliandika kwenye safu ya "majina ya heshima" bila kuliona. Kiswahili kilikuwa na neno tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kulitumia kwangu.

Hilo ndilo ninalotaka kuwaachia wasomaji wa jarida hili. Tunapenda kusema kwamba lugha zetu zina utu ndani yake. Zina nafasi ya utu. Utu wenyewe huwekwa na msemaji, kila siku, mbele ya mtu fulani. Sisi tunaosomea lugha tunazijua nafasi hizo kuliko wengine, na sisi pia ndio tunaocheka kantini.

Na kwa wenzangu mnaojiandaa kwenda kukusanya data mwaka huu, nina ombi la kikazi. Safu tupu katika jedwali inaweza kuwa na maana mbili. Inaweza kuwa kwamba watu hao hawapo. Inaweza pia kuwa kwamba wapo, wanasema "ni ya dada yangu", nanyi mnaandika "mteja mwanamume, anamnunulia dada". Mimi nilijua ni ipi kati ya hizo mbili, nikachagua ile iliyonilinda. Sijutii kujilinda. Najutia kwamba nililitumia jina la sayansi kufanya hivyo, na kwamba atakayesoma kazi ile maktabani ataamini kuwa yuko peke yake, kama nilivyoamini mimi.

Nimekwenda kwa mwalimu aliyeniongoza kumwomba ruhusa ya kuongeza karatasi moja ya masahihisho. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza ukurasa ni wa ngapi. Sentensi mpya inasomeka hivi: "Katika meza hizi walikuwapo wateja wanaume wanaojinunulia wenyewe, mtafiti hakuwahesabu."