Floraidi ya Meru na kiwango cha 1.5
Marekani hubishana kuhusu kuongeza floraidi kwenye maji ya bomba, jambo lililoanzia Grand Rapids mwaka 1945. Arusha shida ni kinyume chake: miamba ya volkano ya Mlima Meru imeshaitia, tena kupita kiasi.

Sheria ililegea mbele ya hali hiyo. Mwaka 1974 Tanzania iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8 kwa lita katika maji ya vijijini, baadaye 4. Kiwango cha 2018 ndicho kilichoshuka hadi 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Ni hatua ya haki, lakini karatasi haichuji maji, na meno ya kahawia yanayotokana na floraidi bado yanaonekana Ngurdoto na Maji ya Chai.

Kuchemsha hakusaidii: maji yakipungua sufuriani, floraidi hukolea. Magadi ya kulainishia maharage nayo huongeza. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto huchoma mifupa ya ng'ombe tanurini, na chengachenga zake hujazwa kwenye ndoo ya kuchujia floraidi. Baada ya muda huishiwa nguvu na lazima zibadilishwe. Kanuni zitamke wazi nani atazigharamia, na nani atapima maji ya visima vya vijijini.