Tangi la Lita 60 Si Bahari: Wacheni Kununua Dory

Wasee wa Kericho, Bomet, Litein, Sotik na kila mahali ukifungua dirisha unaona chai, leo naongea na nyinyi bila kupaka sukari. Wacheni kununua samaki wa bahari vile mnanunua viatu.

Najua ile klipu imewaingia. Tangi dogo la kioo juu ya meza, taa ya buluu, muziki wa polepole, na katikati samaki wa buluu mwenye mkia wa manjano anazunguka. Kila mtu anamjua. Ni Dory. Mtu akiona hivyo anauliza bei. Hakuna anayeuliza huyo samaki akikomaa atakuwa mkubwa kiasi gani.

Basi nitawaambia. Hufika sentimita 30 hivi. Chukua rula yako ya shule, ile ndefu, uiweke mbele ya tangi. Tangi la kawaida la lita 60 lina urefu wa sentimita 60. Yaani samaki mzima ni nusu ya nyumba yake. Akigeuka mara moja amefika ukutani. Na huyu si samaki wa kukaa chini ya jiwe akisubiri chakula. Ni wa jamii ya kangaja, wale wenye mwiba mkali kama kisu kando ya mkia, na maisha yake ni kuogelea kutwa nzima kwenye mwamba. Anahitaji tangi la karibu mita mbili. Sebule ngapi za hapa kwetu zina nafasi hiyo?

Hapo ndipo wauzaji wanatoa ule uongo wao mtamu: "Usijali, samaki hukua kulingana na tangi." Hapana. Samaki kwenye tangi dogo hudumaa kwa sababu maji ni machafu na amebanwa, halafu hufa mapema. Ukimfungia ndama ndani ya choo asikue vizuri, utasema ng'ombe hukua kulingana na choo?

Sijifanyi mtakatifu. Mimi pia nilinunua. Muuzaji mmoja aliniambia "atazoea tu," nami nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Wiki ya tatu samaki akaanza kutoka madoa meupe kama punje za chumvi. Kabla sijajua la kufanya, stima ikapotea usiku na kurudi asubuhi. Maji yalikuwa baridi kama ya mtungi. Nilimkuta amelala ubavu nyuma ya jiwe. Mama akaja, akaangalia, akauliza, "Huyu alitoka wapi?" Nikamjibu, Mombasa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Na alikuwa amekukosea nini?" Sikuwa na jibu.

Sasa tuongee ukweli wa matangi madogo. Watu hufikiri tangi dogo ni rahisi, la wanaoanza. Ni kinyume kabisa. Maji yakikauka, chumvi haikauki nayo. Ukiwa na lita 60 na lita tatu zikapotea hewani, chumvi imepanda karibu asilimia 5, na samaki anaisikia mwilini. Kwa tangi la lita 600, lita hizo tatu si kitu. Na uchafu ni vivyo hivyo. Kinyesi na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti, lakini hao bakteria huchukua kama wiki nne hadi sita kujaa kwenye mawe na filta. Ukiweka maji Jumamosi na samaki Jumapili, umemtia ndani ya mkojo wake mwenyewe.

Na chumvi? Chumvi ya kupikia haifai, hata kama imetoka Malindi kwenyewe. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, na ndani yake kuna magnesiamu, kalsiamu na madini mengine ambayo hayako kwenye pakiti ya jikoni. Lazima ununue chumvi maalum ya matangi. Mvua tunayo ya kutosha, sawa, lakini maji ya paa la mabati mapya yanaweza kubeba zinki, na zinki huua kamba na matumbawe.

Halafu kuna jambo ambalo zile klipu za Marekani haziwezi kukuambia, kwa sababu aliyezirekodi haishi Kericho. Sisi tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi. Maji ya joto lile lile hapa Kericho hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji ya Mombasa. Kwa hivyo ukisoma mahali kwamba tangi lako linaweza kubeba samaki watano, huyo aliyeandika alikuwa anahesabu hewa ya chini, si ya kwetu. Ongeza na baridi. Samaki wa mwamba anataka maji ya nyuzi 25 hivi, na usiku wa Julai huku nje kunaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Hita ikizima, tangi dogo hupoa haraka kuliko tangi kubwa, kama kikombe cha chai ulichosahau mezani.

Kuna watu watasoma hapa na kusema, "Si basi watu wa bara waachane na samaki wa bahari kabisa?" Mimi sisemi hivyo. Hiyo ni njia ya mkato ya kujifanya mwema. Chai yenyewe ililetwa kutoka nje, na ilistawi hapa kwa sababu baridi na mvua vilikuwa vinaifaa. Hakuna mtu mwenye akili hupanda mnazi Kapsoit. Ni hivyo tu. Angalia ulicho nacho, kisha chagua kinachoweza kuishi ndani yake.

Na wapo. Kwa lita 60 hapa milimani, chukua samaki wawili, watatu mwisho. Wa kwanza ni Nemo, wawili. Wengi hawazidi sentimita 9, hawahitaji kuogelea mbali, na wamezalishwa na watu kwenye matangi kwa miaka mingi, kwa hivyo unaweza kumpata ambaye hakutolewa baharini. Chukua mmoja mkubwa na mmoja mdogo, wote wakiwa wachanga. Wote huanza wakiwa dume, na mkubwa ndiye hugeuka jike. Usimnunulie anemoni ati kwa sababu uliiona kwenye filamu. Anemoni inataka taa kali na tangi lililokomaa, na Nemo anaishi vizuri bila hiyo.

Na mjue kitu: Nemo wa ile filamu ya 2003 si wa pwani yetu. Wa kwetu ni ndugu zake, na mmoja wao, Amphiprion allardi, huweza kufika karibu sentimita 14 na ni mkali wa kulinda mtaa. Ukiambiwa "hawa wote ni Nemo," uliza ni yupi.

Kama hutaki Nemo, kuna gobi anayeishi na kamba mwenye gando linalolia kama bastola. Kamba haoni vizuri, kwa hivyo anachimba shimo huku gobi akilinda mlangoni. Hatari ikija, gobi anatikisa mkia na wote wanaingia ndani. Mkitaka kontenti, hiyo ndiyo kontenti! Kuna pia yule mwembamba, mweupe mbele na mwekundu nyuma, anayeuzwa kwa jina la firefish. Ni mpole, lakini anaruka. Weka mfuniko, la sivyo utampata sakafuni.

Wa kuacha: kangaja wote. Vitatange, kwa sababu wengi wao hula matumbawe hai na watakataa chakula chako mpaka wafe. Bunju, kwa sababu huchafua maji. Na yule mwembamba wa mistari anayesafisha wadudu kwenye ngozi za wenzake. Huyo baharini anahudumia samaki wengi kila siku. Ukimweka na samaki wawili, umemfungulia duka mahali hakuna wateja. Atakufa njaa, na kule alikotoka kuna mwamba umebaki bila daktari.

Najua pia kuna hoja nzito kuliko hizi zote: "Unawanyima vijana wa Shimoni na Kilifi riziki." Hoja hii naiheshimu. Pwani ya Kenya imeuza samaki hai wa mapambo nje kwa miongo mingi. Kuna watu hupiga mbizi na nyavu za mkono kuwatafuta mmoja mmoja, na wanalisha familia kwa hiyo kazi. Lakini sisi watoto wa chai, kati ya watu wote, tunapaswa kuelewa. Tumekulia kwenye nyumba ambapo mtu huamka gizani kuchuma majani mawili na chipukizi, analipwa kwa kilo, halafu mtu wa mbali anakunywa nusu kikombe na kumwaga. Ukinunua Dory afe kwa mwezi, wewe sasa ndiye yule mtu wa mbali. Yule mpiga mbizi alihatarisha pumzi yake, samaki akasafirishwa zaidi ya kilomita 700 kwenye mfuko wa plastiki, mwisho wake ni choo chako.

Na wenye bahari wenyewe wanajua mipaka. Kuruwitu kule Kilifi, jamii iliona samaki wanaisha, na mwaka 2005 wakafunga hekta kama 30 za bahari yao, hakuna kuvua. Hao ni watu ambao chakula chao cha jioni kinatoka majini. Kama wao waliweza kujinyima, wewe huwezi kujinyima pambo la mezani?

Kwa hivyo kabla hujatuma pesa kwa muuzaji yeyote, muulize maswali matatu. Akikomaa anafika sentimita ngapi? Alizalishwa kwenye tangi ama alitolewa baharini? Na naomba nimwone akila, sasa hivi. Akianza kucheka ama kubadilisha stori, toka. Na kama huna njia ya kuweka pampu na joto stima ikipotea usiku kucha, bado hujafika. Weka akiba kwanza.

Na kama ni lazima uwaone hao wa rangi kali, zile pesa za tangi zinaweza kukupeleka Nairobi, upande SGR hadi Mombasa, ushuke Shimoni na uvuke hadi Kisite na miwani ya kuogelea. Kangaja na vitatange wako pale. Hawahitaji hita, na hakuna atakayepiga simu kukuambia stima imepotea.