Mlipe Fundi Aliyekataa Kukaza

Tezi na Omo, na Bwana Shee

Nimekasirika, na sitangoja hasira ipoe ndipo niandike. Wiki hii, ufukoni Wiyoni, nimemwona mtu mzima akimpokonya fundi spana kwa sababu fundi amesema kweli.

Boti yenyewe ni ya mbio, ya faiba, imekuja Lamu ikiwa imekwisha tumika kwingine. Haina mashini ya kuning'inia nyuma kama tulizozizoea. Ni stendraivu: injini imelala ndani, imeegemea tezi, na mguu wenye gia na propela uko nje. Tezi imetobolewa, na shafti hupita humo, ndani ya raba ya mikunjo, kupitia beringi, mpaka meno yake yaingie kwenye kapla iliyofungwa kwenye flaiwili.

Mguu ulikuwa umetolewa kutengenezwa, na kazi ilikuwa kuurudisha. Uliingia vizuri, kisha ukagoma umebakisha uwazi wa vidole viwili. Fundi, kijana mpole, akautoa. Akapaka grisi meno ya shafti. Akaurudisha, akatia gia na kuzungusha propela polepole kwa mkono ili meno yapatane. Ukagoma pale pale. Hapo akasema analolijua kila fundi wa mashini hizi: injini na beringi haziko kwenye mstari mmoja. Utafutwe ule mtaimbo wa kupimia, upitishwe kwenye beringi hadi kwenye kapla. Ukiingia na kutoka kwa mkono bila kulazimishwa, mguu nao utaingia. Ukikwama, vikalio vya mbele vya injini vinapandishwa au kushushwa kidogo kidogo, na kupima kunaanza upya.

Mwenye boti hakutaka kusikia habari za mtaimbo. Ana wageni wa kupokea uwanja wa ndege wa Manda, na maji yanajaa. "Tia nati ukaze. Zitauvuta zenyewe."

"Ami, hizi nati ni za kushikilia, si za kuvuta. Nikikaza naiua kapla, na beringi pia."

Ami akachukua spana akakaza mwenyewe, zamu kwa zamu, nati zote sita, chuma kikilia mpaka watoto waliokuwa wakiogelea wakageuka kutazama. Mguu ukaingia, ndiyo. Hata mlango uliofungwa huingilika ukivunjwa.

Niliingilia kati. Niliambiwa mimi ni mtu wa kalamu, nikaandike. Basi naandika.

Mtasema ameanza tena habari za mafundi wa majahazi wa Matondoni. Naam, nimeanza tena, maana pale sijaona fundi akiupigilia ubao uliokataa kukaa juu ya taruma. Huushusha, akaupunguza kwa tezo, akaujaribu tena, hata kama mwenye chombo amesimama juu ya kichwa chake. Na mwenye chombo hunyamaza. Tumeipoteza wapi heshima hiyo? Tumeipoteza siku tulipoanza kudhani kwamba anayenunua mashini ameununua na ujuzi wa fundi. Tangu Volvo Penta ilipotoa stendraivu yake, Aquamatic, mwaka 1959, kwa fikra ya Mmarekani Jim Wynne, injini na shafti lazima zikae kwenye mstari mmoja, na sharti hilo halitalegezwa kwa ajili ya ndege inayotua Manda.

Mimi sioni hata sababu ya kuwa na stendraivu kwenye fukwe zetu, ambapo chombo hukaa mchangani maji yakipwa. Mashini ya nje huinuliwa ikatoka majini yote. Huu mguu, hata ukiinuliwa, sehemu yake hubaki chini, na ile raba ndiyo peke yake inayozuia bahari isiingie kwenye tundu la tezi. Ikipasuka, boti yaweza kuzama ikiwa imefungwa tu gatini. Lakini kila mtu na mali yake.

Abiria si mali yake. Meno ya kapla yakishalika, injini itanguruma na propela haitazunguka. Hilo likitokea mbele ya gati, ni kuvutwa kwa kamba. Likitokea mlangoni Shela, maji ya kupwa yakitoka kwa kasi kukutana na mawimbi ya bahari kuu, ni habari nyingine kabisa. Na boti ya kasi kisiwani haibebi watalii peke yao. Usiku mama akishikwa na uchungu Faza au Kizingitini, wenye boti kama hizi ndio hugongewa milango, ili afikishwe hospitali ya King Fahd hapa Lamu. Nani atamweleza kwamba kapla iliumizwa kwa sababu mtu alikuwa na haraka?

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo lililoninyima usingizi. Jioni ile kijana alipoomba ujira wake, aliambiwa kazi hakuimaliza, aliyeimaliza ni mwenye boti. Akakusanya vyombo vyake akaondoka bila neno. Mpaka naandika hapa hajapata hata shilingi.

Bwana, najua unanisoma. Mlipe kijana huyo ujira wake wote. Kisha mrudishe, autoe mguu, apime kwa mtaimbo, na siku hiyo umlipe tena. Mpaka hapo, mimi na watu wa nyumbani kwangu hatupandi boti yako, na nitamwambia hivyo kila atakayeniuliza gatini.