KIZURI CHAJIUZA, LAKINI SI KITABU

Ndugu Mhariri,

Lipo jambo ambalo naona limeachwa kwa muda mrefu. Jambo lenyewe ni hili: sisi wananchi wa kawaida hatuambiwi ni vitabu gani vya Kiswahili vimetoka, vinasema nini, na kipi kinafaa kusomwa.

Kila mara husikika lawama kwamba Watanzania hatupendi kusoma. Wako hata wanaosema kwa dhihaka kuwa ukitaka kumficha Mtanzania kitu, kiweke ndani ya kitabu. Mimi sikubaliani na maneno hayo hata kidogo. Mtu hawezi kupenda kitu asichojua kama kipo.

Tukumbuke kuwa taifa hili lilifanya kazi kubwa sana ya kufuta ujinga. Kwa hesabu za Serikali, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kiasi cha 39 katika kila 100 mwaka 1975, na ilipofika mwaka 1986 walikuwa wamepungua hata hawatimii 10. Akina mama walikuwa wakitoka shambani na kwenda moja kwa moja darasani, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Je, walihangaika vile ili waje wasome risiti za duka na majina ya mabasi? Ujuzi wa kusoma ni kama jembe. Lisipolimiwa hushika kutu.

Ndugu Mhariri, methali yasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nadhani methali hiyo ndiyo inayotuponza katika suala la vitabu. Embe zuri utalijua kwa rangi na harufu. Kanga utaikunjua dukani uitazame, na samaki utamwangalia macho ujue kama ni wa leo au wa juzi. Lakini uzuri wa kitabu umefungwa ndani ya jalada, na huwezi kuujua mpaka uwe umekwisha lipa fedha na kukaa nacho siku tatu au nne. Mwananchi gani mwenye fedha za kubahatisha namna hiyo? Kwa hiyo hununua kile tu ambacho mwalimu amemwandikia mtoto, na mtihani ukiisha, habari ya vitabu nayo imeisha nyumbani humo.

Hebu tutazame mchezo wa mpira. Hakuna anayesema kwamba kwa kuwa Simba na Yanga ni timu nzuri, basi zitajitangaza zenyewe. Pambano lao huandikwa kabla halijachezwa, siku linapochezwa, na wiki nzima baadaye. Kijana wa hapa Rahaleo ambaye hajapata kukanyaga Dar es Salaam atakutajia wachezaji wote kumi na mmoja, na nani alikosa penalti mwaka gani. Kijana huyo huyo mwulize akutajie riwaya tatu za Kiswahili zilizotoka katika miaka mitano iliyopita. Atanyamaza, wala si kosa lake, kwani hakuna aliyemwambia.

Mfano mkubwa kuliko yote ni ule wa Ndugu Abdulrazak Gurnah. Huyu alizaliwa Unguja mwaka 1948. Mwaka 1994 alitoa kitabu chake kiitwacho Paradise, kinachohusu nchi yetu, pwani na bara, zama za misafara ya biashara. Mwaka huo huo kitabu hicho kiliteuliwa miongoni mwa vile sita vya mwisho katika tuzo ya Booker huko Uingereza. Tarehe 7 Oktoba 2021 mwandishi huyo alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na siku ile wengi wetu tulikuwa tunaulizana: huyu ni nani? Tafsiri ya Kiswahili ya kitabu hicho, iliyofanywa na Dkt. Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Yaani ilipita miaka 28 kabla ya habari zinazotuhusu sisi kutufikia kwa lugha yetu sisi. Lau kungekuwa na watu wa kutuambia mapema kwamba kipo kitabu cha namna hii, bila shaka wasomaji wangeanza kukidai zamani.

Naipongeza Serikali kwa kuanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023. Ni hatua ya maana. Hata hivyo, habari za tuzo zinapoandikwa tunaambiwa jina la mshindi, kiasi cha fedha, na mgeni rasmi alisema nini. Kilichomo ndani ya kitabu chenyewe, na kwa nini kikashinda, husahauliwa. Ni sawa na kualikwa harusini ukaonyeshwa magari na viti, lakini bibi harusi usimwone.

Wako watakaosema kwamba uhakiki wa vitabu upo. Ni kweli upo, lakini uko mbali nasi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina jarida la Mulika tangu mwaka 1971, na jarida la Kiswahili ambalo asili yake ni mwaka 1930. Wasomi wetu wamefanya kazi nzuri humo, lakini imeandikwa kwa ajili ya wasomi wenzao. Mvuvi wa Msimbati na mkulima wa korosho wa Tandahimba hawatayaona majarida hayo. Wengine watasema siku hizi simu zipo. Nazo zipo, ila mara nyingi anayekisifu kitabu humo ndiye huyo huyo anayekiuza.

Isidhaniwe kuwa nataka vitabu visifiwe tu. Marehemu Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, watu walibishana vikali na kitabu kikapigwa marufuku mashuleni. Pamoja na hayo yote kiliendelea kusomwa, na leo bado kinatajwa. Kitabu kinachobishaniwa huishi, lakini kilichonyamaziwa hufa hata kama ni kizuri. Sisi watu wa kusini tunao Utenzi wa Vita vya Maji Maji, uliotungwa na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Ni vijana wangapi wa Lindi na Mtwara waliopata kuusikia, licha ya kuusoma?

Wala sidai jambo geni. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1923, liliwapa nafasi watunzi wa mashairi, na wasomaji wakawa wanajibizana humo kwa beti. Shaaban Robert mwenyewe alitoa mashairi yake katika gazeti hilo. Ikiwa mkoloni aliweza kutenga nafasi hiyo, sisi wenye nchi yetu na lugha yetu tunashindwa nini?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu.

Kwanza, magazeti yetu ya Kiswahili, hasa hili la Serikali, yatenge nafasi kila wiki kwa ajili ya kitabu kimoja tu. Tuambiwe jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, bei, na mahali kinapopatikana. Tuambiwe kinahusu nini bila kutumalizia hadithi, kina uzuri gani na kina kasoro gani. Anayeandika asiwe ndugu wala rafiki wa mwandishi, wala asiwe mwenye duka. Si lazima awe profesa. Mwalimu wa shule ya msingi, nesi, au fundi cherehani anayesoma kwa makini anaweza kutuongoza vizuri kabisa.

Pili, Bodi ya Huduma za Maktaba iwasaidie wananchi. Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu tarehe 9 Desemba 1967 ili elimu isiwe mali ya wachache. Maktaba za mikoa, pamoja na hii yetu ya Mtwara, zibandike ubao nje, barabarani, wenye orodha ya vitabu vilivyoingia mwezi huo, pamoja na mistari miwili mitatu ya maelezo. Gharama yake ni karatasi na gundi. Redio nazo ziisome orodha hiyo.

Tatu, wachapishaji wajue majira ya wateja wao. Huku kwetu fedha huonekana minada ya korosho inapoanza, yaani kuanzia Oktoba. Wakati huo mzazi hununua bati, baiskeli na nguo za watoto. Angekuwa amesoma gazetini mwezi Septemba kwamba kipo kitabu fulani kizuri kwa mtoto wa darasa la tano, na bei yake ni kadha wa kadha, naamini wako ambao wangekinunua. Lakini hawezi kuulizia kitu asichokijua jina.

Ndugu Mhariri, tumewafundisha watu kusoma, na tumewapa tuzo waandishi. Baina ya hao wawili hakuna mtu wa kuwakutanisha. Nawaomba wahariri muwe washenga wa shughuli hii. Mkituonyesha kitabu kizuri na mkatuambia kweli juu yake, ndipo itakapojulikana kama Watanzania hatupendi kusoma, au tulikuwa tunasubiri kuambiwa.

Mpenda Vitabu,
Rahaleo, Mtwara.