DARASA LISIWE TANURI



Watoto wetu wanasomea ndani ya tanuri, na tanuri hilo tumelijenga kwa mikono yetu wenyewe. Neno hili ni chungu, lakini hapana budi tulinene. Mwaka jana wanachama wetu waashi na maseremala waliajiriwa kujenga madarasa katika shule moja ya Pwani. Walipoiona ramani walimwambia kontrakta: madirisha yote yanatazama magharibi, mabati yamekaa juu ya vichwa vya watoto bila dari, na hakuna hata tundu moja la kutolea hewa moto. Wakajibiwa kwamba kazi ya fundi ni kujenga, si kufikiri. Wakajenga. Sasa ikifika saa nane mchana mwalimu, naye ni mfanya kazi kama sisi, huwatoa watoto wakasome chini ya mwembe, na kamati inawachangisha wazazi fedha za pangaboi. Na bili ya stima ya kila mwezi nani atailipa? Ni sisi.

Twasema hivi: ubaridi wa darasa hupatikana siku ya kuchora ramani, si baada ya mabati kupigiliwa.

Mambo yenyewe si siri. Nchi yetu imepitiwa na ikweta. Jua la adhuhuri hupiga paa karibu mwaka mzima, na asubuhi na jioni hupiga upande wa mashariki na wa magharibi. Kwa hiyo kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini, na kuta fupi zisizo na dirisha ndizo zipigwe na jua. Kugeuza nyumba kwenye karatasi hakugharimu hata senti. Madirisha yawe pande zote mbili, upepo uingie huku utokee kule. Hewa moto hupanda, basi ipewe njia huko juu. Mistari miwili ya matofali ya matundu chini ya paa yafaa sana. Mabati yapakwe rangi nyeupe. Dari ina gharama, hatukatai, lakini mvua ikinyesha ndipo utaijua faida yake ya pili: mwalimu husikika.

Wenzetu wa Nyandarua na Limuru watasema shida yao ni baridi ya Julai. Kweli, lakini huko nako wasikimbilie hita. Mtoto aliyeketi hutoa joto karibu kama balbu ya wati 60. Watoto 50 ni wati 3,000, bure. Joto hilo hutoroka kupitia vioo vilivyovunjika na paa lisilo na dari.

Anayedhani haya ni maneno ya vitabuni na aitazame Gando, kijiji cha Burkina Faso. Diébédo Francis Kéré, mtoto wa kijiji hicho, alianza na useremala, akaenda Ujerumani kusoma, na akiwa bado mwanafunzi alichangisha fedha za kujengea kwao shule. Ilikamilika mwaka 2001, wanakijiji wakiijenga wenyewe. Matofali ni ya udongo uliochanganywa na simiti kidogo, na dari ni ya matofali ya udongo pia. Paa la mabati limeinuliwa juu ya dari kwa nondo zilizounganishwa, hewa ikipita katikati na kuchukua joto. Mwaka 2004 shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu wa majengo, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker. Huyo ni seremala ambaye hakuambiwa asifikiri.

Kila mwanachama aliye mzazi aidai kamati ya shule imwonyeshe ramani kabla ya msingi kuchimbwa. Na fundi aonaye kosa katika ramani aliandike, ampelekee katibu wa tawi. Sisi tutalifikisha kwa kamati na kontrakta kwa jina la chama, asije akafukuzwa mtu mmoja peke yake. Likizo ya Novemba haiko mbali, na ramani nyingi zinachorwa sasa hivi.