Kusoma Bila ya Kufahamu Si Kusoma

Kila yanapotangazwa matokeo ya mitihani, mazungumzo ya barazani, sokoni na maofisini huwa ni yale yale: kwamba watoto wetu hawakijui Kiingereza. Wazee huwalaumu walimu, walimu huwalaumu wazee, na wote kwa pamoja huilaumu Wizara. Baada ya wiki chache maneno hupoa, na jambo lenyewe hubakia pale pale lilipokuwa. Sisi tunaona kwamba wakati umefika wa kuacha kulaumiana na kuitazama kazi inayofanyika darasani pale mtoto anapofungua kitabu cha Kiingereza. Kasoro ipo hapo, na dawa yake pia ipo hapo.

Tuchukue mfano mmoja. Mwanafunzi wa sekondari hukuta katika kitabu chake cha Baiolojia sentensi hii: "The plant will die unless it gets light." Maana yake ni kwamba mmea utakufa usipopata mwanga. Mwanafunzi huyu anayajua maneno yote isipokuwa moja, nalo ni "unless". Akiliruka, kama wengi wanavyofanya, atafahamu kwamba mmea utakufa ukipata mwanga. Neno moja dogo la sarufi limempindulia sayansi yote. Huenda baba yake ni mkulima, na tangu utotoni ameona jinsi miche iliyo chini ya kivuli cha mwembe inavyodhoofika. Jambo lenyewe analijua. Lililomshinda ni lugha. Lakini siku ya mtihani hakuna atakayemwuliza alichokiona shambani. Atasahihishwa kwa alichokiandika.

Hasara hii si ndogo. Tangu Serikali ya Mapinduzi ilipotangaza elimu bila ya malipo tarehe 23 Septemba 1964, mlango wa skuli umekuwa wazi kwa mtoto wa mvuvi na wa mkwezi sawasawa na mtoto wa mkubwa. Hata hivyo, masomo mengi ya sekondari husomeshwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Ikiwa mtoto ameingia mlangoni lakini hafahamu kinachosemwa ndani, basi mlango huo umefunguliwa nusu. Mwenye uwezo atamtafutia mwanawe mwalimu wa jioni. Asiye na uwezo atasema, na jirani zake watamwitikia, kwamba mtoto hakujaaliwa akili. Hiyo ni dhulma, kwani akili mtoto anayo.

Wala jambo hili si jipya. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia katika skuli za sekondari. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima kiwango cha Kiingereza katika skuli na vyuo vya Tanzania, wakaona kwamba wanafunzi walio wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwatosha kusomea masomo mengine. Pamoja na hayo, uamuzi wa Serikali ulikuwa ni Kiingereza kiendelee. Mradi ulioanza mwaka 1987 kwa msaada wa Uingereza uligawa vitabu vyepesi vya kusoma, kwa kuwa ilidhihirika kwamba mwanafunzi hawezi kuijua lugha asiyoisoma. Hapa Zanzibar, Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ilielekeza Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia Darasa la Tano.

Mjadala wa lugha ipi itumike ni mkubwa, na una haki ya kuendelea. Lakini mtoto aliyeko Kidato cha Kwanza leo hawezi kuwasubiri wakubwa wamalize mjadala wao. Yeye ana mtihani mbele yake.

Kasoro ya kwanza tunayoiona ni ya sarufi. Mwalimu huandika ubaoni majina ya nyakati za vitenzi, wanafunzi hunakili, na wiki ya pili huulizwa kanuni. Mwanafunzi anaweza kuitaja kanuni ya "he goes" bila ya kukosea, na dakika hiyo hiyo akaandika "my brother go to the sea". Huyu si mpumbavu. Ameihifadhi kanuni kama mtu aliyehifadhi majina ya sehemu za ngalawa bila ya kuwahi kushika usukani. Sarufi haikai kichwani kwa kutajwa. Hukaa kwa kutumiwa.

Kasoro ya pili ni ya lile zoezi liitwalo ufahamu. Mtu akituandikia, "Kidavi alimtwafa mrungezi katika zafeto," kisha akatuuliza ni nani aliyemtwafa mrungezi, tutajibu mara moja kuwa ni Kidavi. Akituuliza alimtwafa wapi, tutajibu katika zafeto. Tumepata alama zote, na hali hakuna hata mmoja wetu ajuaye kilichotokea, kwani maneno hayo tumeyabuni na hayana maana yoyote. Hivyo ndivyo watoto wetu wengi wanavyofanya zoezi la ufahamu la Kiingereza. Hutafuta katika kifungu neno linalofanana na lililomo katika swali, wakainakili sentensi nzima, na mwalimu akatia alama ya kusahihi. Siku swali litakapouliza kwa nini, au msomaji anajifunza nini, hapana cha kunakili, na kalamu husimama.

Sisi watu wa visiwa hivi hatuhitaji mgeni aje atufunze tofauti ya kusoma na kufahamu. Mtoto wetu huanzia chuoni kwa herufi, akaingia katika juzuu, akasoma kwa sauti nzuri na kwa tajwidi. Hiyo ni ibada, na ina thawabu zake. Lakini hatumjui mwalimu wa chuo anayedai kwamba mtoto huyo amekwisha kufahamu maana. Kwa ajili ya maana kuna darsa ya tafsiri, nayo huchukua miaka. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja aliyekuwa pia mwalimu na mkaguzi wa skuli, alitoa tafsiri yake kamili, Qurani Takatifu, mwaka 1969. Mwaka huo huo Mwalimu Julius Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare. Watu hao wawili walishughulika na lugha mbili mbalimbali na mambo mawili mbalimbali, lakini kila mmoja aliishika sentensi ya kigeni mpaka ikakubali kusema Kiswahili. Huo ndio ufahamu, na hakuna aliyeufikia kwa kunakili.

Kwa hivyo Kiswahili si adui wa Kiingereza, na ile desturi ya kumwadhibu au kumvisha mtoto kibao cha aibu kwa kusema lugha yake katika eneo la skuli haina faida. Mtoto wa Makunduchi au wa Wete ameijua "usipokuja" kabla hajavaa sare ya skuli. Mwalimu akimwonyesha kwamba "unless" hufanya kazi ile ile ya "-sipo-", somo la siku nzima litamalizika kwa dakika tano, na halitasahaulika. Vivyo hivyo katika sentensi "The boy was chased by the goat". Mwenye kufuata mpangilio wa maneno tu atadhani kijana alimfukuza mbuzi. Mwenye kukumbushwa "alifukuzwa na" atajua mara moja nani alikimbia. Na pale lugha mbili zinapoachana njia ndipo penye kuhitaji mazoezi mengi. Kwetu "anasoma" humtosha mwanamume na mwanamke, humtosha asomaye sasa hivi na asomaye kila siku. Kiingereza hakikubali hivyo. Mwanafunzi anayeambiwa tofauti hiyo waziwazi huacha kuona kwamba makosa yake ni ya ujinga, akayaona kuwa ni ya njia panda, na njia panda hufunzika.

Kwa vijana walioko skuli, na kwa watu wazima wanaotaka Kiingereza kwa ajili ya kazi za hoteli, za utembezaji wageni au za ofisini, tuna nasaha moja nyepesi. Chukueni kifungu kifupi, aya mbili zinatosha. Kisomeni mpaka mwisho bila ya kufungua kamusi, kisha mseme kwa Kiswahili kinazungumzia nini. Rudieni polepole, na kila neno msilolijua mlikisie kwanza kwa majirani zake. Kamusi ije baadaye kuthibitisha. Jiulizeni kwa nini, si nani na wapi peke yake. Kisha chagueni sentensi tatu mzigeuze: ya leo iwe ya jana, ya mmoja iwe ya wengi, ya kukubali iwe ya kukanusha. Mwisho fungeni kitabu, andikeni habari ile kwa maneno yenu, mkifungue tena na mjisahihishe wenyewe. Hapo sarufi na ufahamu vimekwenda pamoja. Nusu saa kwa siku ni kidogo, lakini bandu bandu huisha gogo.

Kwa upande wa wahusika wa Serikali, tunayo mambo manne ya kuwaomba, na tunayataja kwa heshima. La kwanza, kila skuli iwe na kipindi kifupi cha kusoma kimya kimya kila siku, na kipindi hicho kisichukuliwe na shughuli nyengine. La pili, makabati yafunguliwe. Si jambo la nadra kukuta vitabu vizuri vya hadithi nyepesi vimefungiwa kwa kufuli kwa khofu kwamba watoto watavichakaza. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake. Kilicholiwa na mchwa kikiwa kipya ndicho hasara ya umma. La tatu, vituo vya walimu vitumike kuwaonyesha walimu namna ya kutunga maswali yanayomtaka mtoto afikiri, na namna ya kufunza sarufi kutokana na habari iliyosomwa. La nne, watungaji wa mitihani wapunguze maswali ya kunakili, kwani darasa hufuata mtihani kama jahazi linavyofuata usukani. Wakiulizwa watoto "kwa nini" katika mtihani, watafunzwa "kwa nini" darasani.

Tunajua kuwa tutaambiwa fedha hazitoshi na madarasa yamejaa. Hayo ni kweli, na hatuwezi kuyapuuza. Lakini kufungua kabati hakuhitaji bajeti, na swali zuri haligharimu chaki zaidi ya swali baya. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na vitabu vichache anaweza kuandika aya moja ubaoni, akawapa watoto wawili wawili waijadili kwa Kiswahili kabla ya kuijibu kwa Kiingereza.

Wazee nao wasijitoe kwa kusema kwamba wao hawakusoma. Mama asiyejua neno moja la Kiingereza anaweza kumwambia mwanawe jioni, "Hebu niambie, leo umesoma habari gani?" Mtoto akiweza kumsimulia mama yake kwa Kiswahili kilichonyooka, amefahamu. Akishindwa, hakusoma, ametamka tu. Mtihani huo hauna ada, na mama ni msahihishaji asiyedanganyika.

Lugha ya Unguja ndiyo iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Watu waliowapa wenzao lugha hawana sababu ya kuikhofu lugha ya wengine. Tunachotaka ni mtoto wetu akikutana na lile neno dogo "unless" asiliruke, bali asimame, alitazame, na ajue kwamba mmea ule hautakufa ukipata mwanga, utakufa ukinyimwa.