Mashine Iliyolala Haiamshwi kwa Pupa

Wanafunzi wetu hukariri kanuni za sumaku-umeme, hufaulu mtihani, kisha husahau. Kwa maoni yangu kosa si lao. Ni letu sisi tufundishao, kwa kuwa hatuwaonyeshi kanuni hizo zinalinda nini.

Wakazi wa Kiabakari na Butiama huletewa maji yavutwayo kutoka Ziwa Viktoria, huko Mugango, kwa pampu za umeme. Ndani ya mota ya pampu mna koili za waya uliovikwa kihami. Mota ifanyapo kazi hupata joto, na joto hilo hufukuza unyevu. Mota yoyote ikikaa miezi kadhaa bila kazi kando ya ziwa, unyevu hujipenyeza ndani, na vumbi na panya nao hufanya yao. Kwa nje haionyeshi badiliko lolote. Aiwashaye papo hapo huenda akaunguza koili, ama akapigwa na umeme uliovujia kwenye kasha la chuma.

Kwa hiyo fundi aliyefuzu hukata umeme kwanza na kuifunga swichi kwa kufuli. Kisha hupima ukinzani kati ya koili na kasha. Kwa mota ya volti 400, aghalabu hutumia kipimio kitoacho volti 500. Akipata chini ya megaomu 1, mota haiwashwi mpaka ikaushwe na kupimwa tena. Akishapima hasahau kuziunganisha koili na ardhi, maana hubaki na chaji.

Sumaku kubwa za mitambo ya kuharakisha chembe nazo ni koili. Zinazozidi ni nguvu na hatari. Nishati iliyomo katika koili huongezeka kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiwa maradufu, nishati huwa mara nne. Tarehe 19 Septemba 2008, katika mtambo wa CERN wenye mzingo wa kilometa 27, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, mkondo ulikuwa ukipandishwa kwa majaribio. Ulipofika kama ampea 8,700, kiungo kimoja kati ya sumaku kilishindwa. Cheche ikatoboa chombo cha heli, sumaku nyingi zikaharibika, na mtambo haukurudi kazini hadi Novemba 2009. Tangu hapo viungo hukaguliwa kwa makini zaidi. Baada ya mapumziko marefu ya 2013 hadi 2015, sumaku zilipandishwa mkondo hatua kwa hatua, kwa kuwa nyingine zilihitaji kuzoeshwa upya.

Fundi wa Mugango na mwanasayansi wa CERN wanaongozwa na fizikia moja. Basi shule zifungukapo baada ya likizo, mwalimu asiwashe vifaa vya maabara kabla wanafunzi hawajaandika kipi kikaguliwe kwanza, na kwa sababu gani. Mtihani nao uwape alama kwa jibu hilo. Mwanafunzi wa leo ndiye atakayekabidhiwa pampu ya kijiji kesho.